Mashine yenye macho mengi inavyosaka sumu katika mahindi

Kabla ya kusonga ugali wa leo jioni, hebu chota konzi moja ya mahindi kutoka kwenye gunia ulilotumiwa na jamaa zako wa mashambani, uyamwage mezani na kuyatazama vizuri. Je, unaweza kutambua punje yenye sumu?

Swali hili si la mzaha kwa wakazi wa Kitui na Makueni. Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini. Wengi wao walitoka katika wilaya hizo mbili, ambazo leo ni kaunti. Mkasa huo ni miongoni mwa mikubwa zaidi ya aina yake kuwahi kurekodiwa duniani.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa katika hospitali za Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, wakiwa na ugonjwa wa ini uliotokana na sumu hiyo hiyo. Watu 12 kati yao walifariki.

Katika makala haya tutaeleza juu ya mashine zinazotumia kamera na kompyuta kutafuta punje mbovu na kuzitoa kabla mahindi hayajasagwa. Tutaangalia hasa jambo moja ambalo watu wengi hawalifahamu: mashine hizo huwezaje kutazama maelfu ya punje kwa sekunde moja na kutoa uamuzi? Jibu ni kwamba picha moja hugawanywa kati ya kompyuta ndogo kadhaa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Tutaona pia ni kwa nini mashine hizo hazikuondolei wewe jukumu lako jikoni na ghalani.

Sumu hii ni nini?

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hii huishi udongoni na hupenda joto. Mahindi yanapodhoofishwa na ukame shambani, au yanapopasuliwa na wadudu, kuvu hupata njia ya kuingia. Yakivunwa na kuwekwa ghalani kabla ya kukauka, kuvu huendelea kuzaana na kutoa sumu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2004. Mavuno yalikuwa haba kutokana na ukame, na mvua ikanyesha wakati usiotarajiwa. Mahindi yakahifadhiwa yakiwa mabichi. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba waliohifadhi mahindi yao ndani ya nyumba walikuwa katika hatari zaidi kuliko wale waliotumia ghala lenye hewa.

Mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika. Macho hugeuka manjano, tumbo huuma na kuvimba, miguu hufura na mgonjwa hutapika. Hakuna dawa ya kuiua sumu hiyo ikishaingia mwilini. Madaktari hutibu dalili tu. Mtu akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hatari ya kupata saratani ya ini huongezeka, na huongezeka maradufu na zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kupika hakusaidii. Sumu hii hustahimili moto wa jiko, hata ugali uive vipi. Kukoboa mahindi kutengeneza muthokoi hupunguza sumu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na wataalamu wa Kenya ulionyesha kwamba kwa wastani karibu nusu huondoka pamoja na ganda. Lakini nusu nyingine hubaki, na nusu ya kiwango kikubwa bado ni kiwango kikubwa.

Nawe mkazi wa mjini usidhani kwamba mambo haya ni ya mashambani pekee. Wakati wa mkasa wa 2004, wachunguzi walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kutoka masoko 65 ya eneo lililoathirika. Asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Novemba 2019, Shirika la Viwango nchini lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi uliokuwa ukiuzwa madukani kwa sababu ya sumu hii. Na Machi 2021, Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu iyo hiyo.

Kwa nini kila punje iangaliwe?

Kiwango cha aflatoksini kinachoruhusiwa nchini Kenya katika mahindi ya kuliwa na binadamu ni sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Hiki ni kiasi kidogo mno. Lakini jambo la ajabu ni kwamba sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje nyingi huwa safi kabisa, na chache tu hubeba sehemu kubwa ya sumu yote.

Chukua mfano huu. Tuseme punje moja ina sumu kiasi cha sehemu 10,000 katika kila bilioni. Ukiisaga pamoja na punje 999 zisizo na sumu, unga wote utafikia sehemu 10 katika bilioni, yaani mpaka wa kiwango cha sheria. Punje moja tu katika elfu! Ukiiondoa kabla ya kusaga, unga ni safi. Ukisaga kwanza, sumu imekwisha kuenea na hakuna awezaye kuitenga.

Hii ndiyo sababu akina mama wa Ukambani, kama walivyo akina mama kote nchini, huketi na uteo wakichambua mahindi kabla ya kuyapeleka kwenye kisiagi. Wanaondoa punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Ni kazi ya maana sana kwa afya. Tatizo lake ni muda.

Punje moja ya mahindi ina uzito wa karibu theluthi moja ya gramu. Kwa hiyo gunia la kilo 90 lina punje zinazokaribia 300,000. Mtu akitazama punje moja kila sekunde, bila kupumzika, gunia hilo litamchukua zaidi ya saa 80. Wakiwa watano, kila mmoja na uteo wake, watamaliza kwa muda usiozidi saa 17. Kazi ni ile ile. Kilichopunguza muda ni kugawana.

Shika mfano huo wa akina mama watano, kwa maana kompyuta nazo hufanya hivyo hivyo.

Picha kwa macho ya kompyuta

Mashine ya kuchagua nafaka hufanya kazi namna hii. Mahindi humiminwa juu ya ubao uliolala mteremko, yakateleza na kuanguka kama maporomoko membamba ya maji. Yakiwa hewani hupita mbele ya taa na kamera. Chini kidogo ya kamera kuna safu ya mirija midogo ya hewa. Punje ikionekana mbovu, mrija mmoja hupuliza hewa kwa nguvu na kuisukuma kando. Punje nzuri huendelea kuanguka hadi kwenye chombo chake.

Je, kuna muda gani wa kufikiri? Tuseme punje inaanguka kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde, na kutoka kamera hadi mrija wa hewa ni sentimita 20. Basi punje itafika kwenye mrija baada ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Kufumba na kufumbua huchukua muda mrefu zaidi ya huo.

Sasa tuangalie ukubwa wa kazi. Kompyuta haioni punje kama wewe uionavyo. Kwake picha ni nukta nyingi, na kila nukta ni tarakimu zinazoeleza kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu. Tuseme kamera inatazama ukanda wenye upana wa mita moja kwa nukta 2,000, na inapiga mistari 10,000 ya namna hiyo kila sekunde. Hizo ni nukta milioni 20 kwa sekunde. Kwa kuwa kila nukta ina tarakimu tatu, kompyuta inapokea tarakimu milioni 60 kila sekunde.

Tuseme tena kwamba kila tarakimu inahitaji hatua 100 za hesabu ili kujua ukingo wa punje uko wapi, rangi yake ikoje na kama ina doa. Jumla ni hatua bilioni 6 kwa kila sekunde ya mahindi. Sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu huitwa prosesa. Ndiyo ubongo wake. Prosesa moja yenye uwezo wa hatua bilioni moja kwa sekunde itahitaji sekunde sita kumaliza picha za sekunde moja. Kabla haijamaliza, mahindi ya sekunde tano zaidi yamekwisha kupita bila kuangaliwa.

Katika kazi hii jibu linalochelewa ni sawa na jibu lisilo sahihi. Ukijua punje ni mbovu baada ya kupita mrija wa hewa, punje hiyo imekwisha kuingia kwenye unga. Ndipo wahandisi wanapolazimika kuzigawia prosesa nyingi picha moja.

Njia za kugawana picha

Njia ya kwanza ni kukata picha vipande. Kama ni prosesa nane, upana wa nukta 2,000 hugawanywa, na kila prosesa hupewa nukta 250. Kila moja hutafuta punje mbovu katika kipande chake bila kungoja wenzake. Hii ni sawa na kila mama kuwa na uteo wake.

Lakini vipi kuhusu punje iliyoangukia katikati ya vipande viwili? Prosesa ya kushoto itaona nusu, ya kulia nusu, na huenda zote mbili zikaidhani ni punje iliyovunjika. Kwa sababu hiyo kila prosesa hupewa ziada kidogo ya kipande cha jirani yake. Katika mfano wetu punje huwa na upana usiozidi nukta 20. Basi kila prosesa ya katikati hupewa nukta 20 za ziada kila upande, na badala ya 250 hutazama 290. Kisha huwekwa sheria ya kuzuia punje isihukumiwe mara mbili: punje ni ya yule ambaye kitovu chake kimo ndani ya kipande chake.

Njia ya pili ni kugawana kwa hatua. Fikiria nyumba inayotayarisha muthokoi: mmoja anatwanga, wa pili anapeta, wa tatu anachambua. Katika mashine, prosesa ya kwanza husafisha picha, ya pili hutenganisha punje na mandhari ya nyuma yake, ya tatu hutoa hukumu. Kazi husonga bila kusimama, kwa kuwa wa kwanza hupokea picha mpya mara tu anapompa mwenzake ile ya zamani. Hata hivyo, njia hii haifupishi safari ya punje moja, kwani bado lazima ipitie hatua zote tatu. Kwa hiyo mara nyingi njia hizi mbili huunganishwa.

Kisha kuna swali la mahali picha inapowekwa. Inaweza kuwekwa katika kumbukumbu moja ambayo prosesa zote huisoma, kama watu wanaokula kutoka sinia moja. Hakuna haja ya kupakua, lakini wakiwa wengi mikono hugongana. Au kila prosesa inaweza kupewa nakala yake katika kumbukumbu yake, kama kila mtu na sahani yake. Hapo mikono haigongani, lakini kupakua nako kunakula muda. Wahandisi hupima ni kipi chenye hasara ndogo.

Siku hizi kuna pia chipu zilizobuniwa kwanza kwa ajili ya picha za michezo ya kompyuta. Ndani ya chipu moja mna mamia au maelfu ya vitengo vidogo vya hesabu, vyote vikifanya hesabu ya aina moja juu ya nukta tofauti. Chipu hizi ndizo zilizowezesha kompyuta kufundishwa kwa mifano: huonyeshwa picha nyingi za punje nzuri na mbovu hadi zijue kuzitofautisha zenyewe. Kwa kuwa hesabu ile ile hurudiwa kila mahali katika picha, ni kazi inayogawanyika kwa urahisi.

Mikono mingi ina mipaka

Huenda ukauliza, je, si tuongeze prosesa hadi mia au elfu, kazi iishe mara moja?

Tazama tena ule ukingo wa ziada. Picha ikikatwa vipande 100, kila prosesa itapata nukta 20 zake, na nukta 40 za ziada kutoka kwa majirani. Theluthi mbili za jasho lake zitakuwa za kurudia kazi ya wengine. Kadiri unavyokata vipande vidogo, ndivyo hasara hii inavyozidi.

Tatizo la pili ni kutolingana kwa mzigo. Mahindi hayaanguki sawasawa. Kipande kimoja kinaweza kuwa na punje nyingi huku kingine kikiwa kitupu. Wote wakingoja aliyelemewa amalize, faida ya kugawana hupotea. Dawa yake ni kukata kazi mafungu madogo kiasi na kumpa fungu jipya yeyote anayemaliza, jinsi mama aliyemaliza uteo wake anavyoongezewa mahindi.

Tatizo la tatu lilielezwa mwaka 1967 na mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl. Alisema kwamba sehemu ya kazi isiyoweza kugawanywa ndiyo inayoweka kikomo. Tuseme kazi inachukua dakika 100, na dakika 10 kati ya hizo ni za jambo ambalo mtu mmoja tu anaweza kulifanya. Wakiwa 10, dakika 90 zinakuwa 9, na jumla ni 19. Wakiwa 100, jumla inakaribia 11. Hata wakiwa milioni moja, haitashuka chini ya 10. Katika mashine yetu, kupokea picha kutoka kwa kamera na kukusanya majibu ili kufungua mirija ya hewa ni kati ya kazi zisizogawanyika kwa urahisi.

Kwa hiyo njia mojawapo ya busara ni kupunguza safari ya picha. Mwaka 2009, Tom Pearson, mhandisi wa Idara ya Kilimo ya Marekani, alichapisha maelezo ya mashine ya kukagua nafaka ambayo kamera yake iliunganishwa moja kwa moja na chipu iliyopangwa kwa kazi hiyo tu. Picha haikutumwa kwanza kwenye kompyuta ya mbali na kungoja zamu. Hukumu ilitolewa pale pale kando ya jicho.

Mashine zimefika wapi?

Pearson alishiriki pia katika utafiti mmoja unaowahusu Wakenya moja kwa moja. Wanasayansi kutoka Kenya na nchi za nje walinunua mahindi katika masoko ya Meru na kuyapitisha kwenye mashine ya bei nafuu. Mashine hiyo haikupiga picha kamili. Ilimulika kila punje kwa taa za rangi mbalimbali, zikiwemo zisizoonekana kwa macho, na kupima mwanga uliorudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kati ya sufuri na asilimia 25 ya mahindi yalikataliwa, kutegemea sampuli, na sumu katika yale yaliyokubaliwa ilipungua kwa wastani wa asilimia 83.

Kwa upande wa viwanda vikubwa, mwaka 2018 kampuni ya Bühler ya Uswisi ilitangaza mashine iitwayo LumoVision. Kampuni hiyo ilisema kwamba inaweza kuchagua hadi tani 15 za mahindi kwa saa na kuondoa hadi asilimia 90 ya punje zilizochafuka, huku mahindi yanayopotea yakiwa chini ya asilimia 5. Ukifanya hesabu, tani 15 kwa saa ni karibu punje 14,000 kila sekunde. Bila kugawa kazi, ni vigumu kwa prosesa moja ya kawaida kufuata kasi hiyo.

Mashine ya aina hii humulika mahindi kwa miale ya urujuanimno. Chini ya miale hiyo baadhi ya punje zenye kuvu hung'aa kwa rangi ya kijani-manjano. Tahadhari moja ni muhimu hapa: kinachong'aa hivyo ni kitu kingine kinachohusiana na kuvu hiyo, si aflatoksini yenyewe. Ni dalili ya kutia shaka, si ushahidi kamili.

Mambo ambayo mashine haiyaoni

Prosesa ziwe nyingi kiasi gani, zinachambua tu kile kamera ilichoona. Sumu iliyo ndani ya punje ambayo sura yake ya nje ni nzuri hupita. Doa lililo upande wa nyuma hupita pia, isipokuwa kama kuna kamera nyingine upande wa pili. Kasi haiongezi nuru. Ndiyo sababu hata kiwanda chenye mashine bora hakina budi kupeleka sampuli maabara kupimwa.

Pili, mashine haifai kitu kwa unga. Lazima kazi ifanywe mahindi yakiwa punje.

Tatu, kuna suala la mahindi yaliyokataliwa, nalo ni suala la uhai wa watu. Yakiuzwa kwa bei ya chini, yataishia kwenye sufuria ya maskini au kwenye chungu cha pombe ya kienyeji. Yakilishwa ng'ombe, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto wako. Kuondoa sumu kwenye gunia moja na kuitia kwenye jingine si kinga.

Na nne, mashine hizi ziko kwenye viwanda vikubwa. Familia nyingi za Kitui na Makueni hula mahindi ya shamba lao, yaliyosagwa kwenye kisiagi cha karibu. Kwao kinga huanzia shambani na ghalani. Kuna hata dawa ya kibayolojia iitwayo Aflasafe, ambayo hueneza shambani kuvu isiyo na sumu ili iisongamize ile yenye sumu. Kiwanda chake kilifunguliwa mwaka 2018 katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos.

Wewe ufanye nini?

1. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu.

2. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Weka mahindi hadi robo ya chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika na utikise kwa dakika chache. Acha itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Kumbuka kwamba kipimo hiki hupima unyevu, hakipimi sumu.

3. Hifadhi mahindi mahali pakavu penye hewa, juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, mradi mahindi yawe yamekauka kwanza.

4. Ukitumiwa gunia kutoka mashambani, lichambue kabla ya kusaga. Ita watoto na majirani, kila mtu na uteo wake. Kaeni penye mwanga wa kutosha. Ondoeni punje zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi.

5. Mabovu yafukieni. Msiwape kuku, ng'ombe wala mbwa.

6. Unaponunua unga, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango na tarehe ya kusagwa. Unga wenye uchungu au harufu ya uvundo usiutumie, lakini usidhani kwamba usio na harufu ni salama kwa hakika.

7. Mtu wa nyumbani akigeuka manjano machoni, akivimba tumbo au miguu, mpeleke hospitali upesi na ueleze ni mahindi gani mliyokula. Mahindi yaliyobaki yawekeni kando yapimwe. Huenda taarifa yako ikawaokoa majirani.

Watu 125 waliofariki mwaka 2004 hawakuwa wazembe. Walikuwa na njaa, na mahindi waliyokuwa nayo ndiyo hayo. Mashine zenye macho mengi zinaweza kusaidia hali hiyo isirudi, hasa zikisogezwa karibu na wakulima wenyewe. Lakini hadi siku hiyo ifike, macho yako na ya jamaa zako ndiyo yatakayotangulia. Uteo usiuweke mbali.